Kenge Katika Blanketi la Mkwe

Nianze na kitanda, maana bila kitanda kile kenge asingekanyaga nyumba yangu hata siku moja.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja pale Mbeya, miaka ya hamsini, wakati mambo ya uhuru bado watu wanayanong'ona. Njia yake ilikuwa Chunya, na safari nyingine Iringa, kwetu. Chunya dhahabu ilikuwa inakwisha. Wazungu wachimbaji walikuwa wanafunga virago mmoja mmoja, na kila anayeondoka anaacha vitu vyake. Mume wangu alikuwa amekitupia jicho kitanda cha mzungu mmoja mzee, kitanda cha chuma chenye springi na vifundo vya shaba. Alinisifia kitanda hicho mpaka nikaanza kukiota, maana sisi tulikuwa tunalala kwenye kitanda cha kamba kilichobonyea katikati. Siku mzungu anaondoka, akamwambia: kitanda chukua, sitaki kitu, lakini na kenge wangu umchukue. Ukimkataa kenge, kitanda nampa mwingine.

Akakubali. Hakuniuliza, hakutuma mtu, alikubali tu papo hapo. Mwanaume ukimwonyesha springi akili inatoka.

Lori liliposimama nje nilitoka mbio kupokea kitanda changu. Kitanda nikakiona, kizuri kweli. Juu yake limefungwa sanduku la mbao lenye wavu wa kuku mbele, na humo ndani kuna kitu kinatoa pumzi kama tairi lenye pancha.

"Hicho nini?" nikauliza.

"Ni mjusi tu, mke wangu."

"Mjusi wa wapi mwenye mkia kama mjeledi?"

"Mjusi aliyelishwa vizuri."

Nilipiga ukelele mtaa mzima ukatoka. Kenge, jamani! Kwetu ukimwita mtu kenge mnashikana mashati, mnapelekana kwa jumbe. Mimi ndio naletewa mwenyewe, miguu minne na ulimi wa panda, nikae naye nyumba moja! Nikamwambia mume wangu mimi na kitanda tutalala ndani, yeye na mjusi wake watafute pa kulala. Walilala jikoni wote wawili.

Jina hatukumpa. Huwezi kukipa jina kitu unachomwomba Mungu akichukue.

Na Mungu nusura akichukue kweli. Ilikuwa Juni, na baridi ya Mbeya ya Juni haina mchezo, asubuhi majani yote meupe kwa umande ulioganda. Chunya ni joto na vumbi, kenge huyo hakuwahi kuiona baridi. Siku moja nikamkuta kwenye sanduku amekakamaa. Nikamgusa na kijiti, wapi. Nikasema, asante Bwana, nikamburuta mpaka karibu na mafiga, moto unawaka, ili nikirudi na jembe nimchukue nikamfukie. Nilipochimba shimo la kutosha nikarudi. Jicho moja likafunguka, likanitazama. Nikaangusha jembe.

Sasa kitu ukishakifufua, hata kwa bahati mbaya, kinakuwa chako. Kila jioni ilibidi nichome matofali mawili kwenye moto, niyazungushie gunia, niyaweke ndani ya sanduku lake. Akawekewa karai la maji la kuogea. Mzungu alisema kenge anapenda maji. Hakusema kwamba ndani ya maji hayo hayo ndimo anamokwenda haja. Kila siku mimi ni kumwaga karai na kulisugua kwa majivu, huku nikimtukana yeye, na mzungu wake, na dereva aliyemleta.

Chakula chake kilikuwa panya, utumbo wa kuku, na mayai. Mayai ndiyo yaliyoniudhi. Nilikuwa na mimba, na wanawake wote wa mtaani wamenikataza mayai, eti mtoto atazaliwa kipara. Basi kuku wangu wanataga, mimi nameza mate, kenge anakula. Nakaa namwangalia yai linavyoshuka kooni mwake zima zima. Mwizi mkubwa, ila nilianza kumzoea.

Mume wangu kumfuga hakujua. Yeye alikuwa anamkamata kwa juu, mkono unashuka ghafla, na kenge akiona kitu kinashuka juu yake anajua ni mwewe. Aling'atwa kidole gumba, akashindwa kushika usukani vizuri mpaka jipu lilipopasuka. Mimi nilikaa chini pembeni yake na kazi zangu, nachambua maharage, simwangalii. Mkono naulaza sakafuni. Akaanza kuja kuulamba kwa ulimi wake ule wa baridi, aunuse, aondoke. Kabla ya kumpa yai nikawa nagonga kijiko kwenye sahani ya bati, ko ko ko. Haukupita muda mrefu akawa akisikia kijiko anatoka popote alipo, anakuja anayumbisha kiuno kama mama wa kwaya. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mwishoni akawa haji kwa kijiko tu. Mume wangu akiwa safarini, mchana baridi ikizidi, kenge alikuwa anapanda kitanda cha chuma na kujiingiza chini ya blanketi. Nikamwacha. Kitanda chenyewe si kilikuja naye?

Basi siku moja mtu wa ndizi kutoka Tukuyu, kwao mume wangu, akapita na salamu. Akanisalimia vizuri, akakaa, akanywa togwa, akasema: "Mzee anakuja. Amempatia mwanawe mke wa nyumbani. Na ng'ombe wa kuanzia mahari ameshawatoa zizini."

Mzee huyo ni baba mkwe wangu. Alinikataa tangu siku ya kwanza, na sababu ni kwamba mimi Mhehe. Na Wahehe, kama mnavyotutania, tunakula mbwa. Mimi mbwa sijawahi kumwonja hata mchuzi, lakini ukianza kukataa ndio watu wanacheka zaidi. Mwanawe alifunga ndoa na mimi kanisani bila yeye kuhudhuria. Sasa anakuja kuleta mwingine, msichana wa kwao, anayejua kupika ndizi na kujificha vizuri.

Nikamwuliza mume wangu: "Utamjibu nini?"

"Tutaona," akasema.

Mwanaume akikwambia tutaona, jua haoni kitu. Nilikosa usingizi. Nilijiona nimerudi Iringa na mtoto mgongoni, wifi zangu wa kule wananipokea mlangoni kwa huruma, na huruma ya wifi naijua. Nikaapa kwamba mzee huyo hatapata kosa kwangu hata la kusingizia. Nitazishika mila zao kuliko hao waliozaliwa nazo.

Na mila zao ni hizi. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sio kuheshimiana tu kama kwetu. Hawaonani kwa macho. Akipita njiani unajitupa kichakani na kufunika uso. Humtaji jina. Humsemeshi, naye hakusemeshi. Chini ya paa moja hamkai kabisa. Mzee angelala wapi basi, na mjini ndugu mwingine hana? Mume wangu akaamua: mzee alale kwenye kitanda cha chuma, yeye alale sebuleni, mimi nilale kwa mama jirani, mama mmoja wa Kisafwa aliyekuwa mjane. Mchana nikae jikoni, kule uani. Na kenge afichwe jikoni na mimi. Yaani mwenye nyumba na mjusi tumehamishwa siku moja.

Mzee alipofika nilisikia fimbo yake tu na kikohozi. Nikajifunika, nikageukia ukuta. Nilipika kama napikia askofu. Ndizi, maziwa mgando, na nyama ya ng'ombe niliyoichemsha mpaka ikalainika, nyanya na kitunguu juu. Mama jirani ndiye alikuwa anapeleka sahani na kurudisha. Akarudi nayo.

"Ndizi kala," akasema. "Nyama hajagusa."

Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Nyama inarudi nzima, imepoa, mafuta yameganda. Mtu kukataa nyama yako ni kukukataa wewe, nani asiyejua? Nililia kwa hasira jikoni, kenge ananiangalia, nikampa yeye ile nyama. Alikula yote, shukrani hana.

Mume wangu alfajiri yake akaondoka na lori kwenda Iringa. Mzigo wa kahawa, akasema, hauwezi kusubiri. Na baba yake hawajazungumza lolote. Mama jirani naye akaenda shambani kwake mlimani. Nikabaki mimi na mzee, na ukuta katikati.

Baada ya uji mzee alirudi kulala, maana ukungu ulikuwa mzito na mvua ya manyunyu. Mimi nikaosha vyombo. Nilipokwenda kumpa kenge chakula, sanduku tupu. Wavu umesukumwa kona moja. Kwenye majivu kuna alama ya mkia, imepita uani, imeingia mlango wa nyumba kubwa.

Mungu wangu! Nikajua alikokwenda.

Nilisimama uani. Ndani kukatoka sauti, nyembamba, ya mtu anayesema bila kutaka kifua kicheze.

"Huko nje mtu iko?"

Siruhusiwi kumjibu. Nikaigonga ndoo.

"Kama mtu iko, ajue kuna kitu ndani ya blanketi. Iko juu ya tumbo yangu. Imelala." Kiswahili chake alikipata kwenye upagazi wa ile vita ya kwanza, na tangu hapo hakukirekebisha. "Na asiite watu."

Hilo nililielewa upesi. Wakija vijana na marungu watampiga kenge, na rungu likikosa litampata mzee. Halafu habari kwamba mzee mzima amekutwa kitandani kalaliwa na kenge itafika Tukuyu kabla yake. Angekufa kwa aibu, na msiba huo ungekuwa wangu. Lakini nikiingia nimevunja mila, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa anakitafuta. Akinyanyuka kwa kushtuka, kucha za kenge naye tumbo wazi, sijui ingekuwaje.

Nikachukua shuka, nikajifunika gubigubi kuanzia kichwani mpaka magotini. Mkono mmoja sahani na yai, mkono mwingine kijiko. Nikaingia kinyumenyume. Nilikanyaga ndala zake, nikapiga kisigino kwenye beseni, nikaufikia ukuta nikasimama nimeuelekea, mgongo wangu kwake. Nikagonga kijiko. Ko ko ko.

Kimya. Kenge alikuwa amepata joto la mtu mzima, yai la nini?

Sasa mila inakataza kusema na mkwe. Haikatazi kusema na kenge.

"Kenge," nikasema, "toka."

Kimya. Halafu mzee, polepole sana: "Kenge. Unaitwa."

Hakutoka. Nikagonga tena. Mzee akashusha pumzi.

"Kenge," akasema, "hebu uliza huyo mwenye kijiko. Anakunenepesha ya nini?"

"Kenge, mwambie baba sikunenepeshi. Wewe ni wa mwanawe, kakutoa Chunya."

"Kenge, mimi nilikuona siku ya kufika, kwenye upenyo ya jikoni, ndani ya sanduku. Nikasema, haya, huyu wa Iringa anafuga nyama. Ile ya kwenye sahani ilikuwa ndugu yako?"

Jamani! Kumbe siku zote hizo! Shuka lilitikisika, sijui kwa kicheko, sijui kwa hasira, nafikiri vyote.

"Kenge, mwambie baba ile ilikuwa ng'ombe! Ng'ombe wa buchani, nimesimama pale tangu alfajiri! Kwetu hatuli kenge!"

"Na mbwa?"

"Hata mbwa!"

Nilisikia springi zinalia kidogo.

"Kenge," akasema mwishowe, kwa uchungu wa kweli, "basi nimelala njaa bure."

Ningeishia hapo. Lakini mdomo ukishafunguka, na mtu humwoni, na umefunikwa, unakuwa jasiri wa ajabu. "Na kenge," nikasema, "wakati uko hapo hapo, mwambie baba nimesikia kilichomleta. Mwambie nina mimba ya mjukuu wake. Nimemwachia kitanda changu, nalala kwa watu, nashinda kwenye moshi. Mchana kutwa nimejifunika. Kilichonipungukia ni nini? Akitaje nikijue, kama ni kabila langu siwezi kulivua." Nilikuwa nalia ndani ya shuka, kijiko mkononi.

Mzee akakohoa kidogo kidogo, asimtikise kenge.

"Kenge," akasema, "haya maneno ni makubwa. Kwanza shuka."

Nikalipasua yai kwenye ukingo wa sahani, nikaisukuma sakafuni kwa mguu. Hiyo harufu hakuiweza. Blanketi likafunguka upande, nikasikia kucha kwenye chuma, na mzee akasema "Yesu wangu" mara nyingi mfululizo, yeye ambaye kanisani alikuwa anakwenda wakati wa mavuno tu. Kenge akaanguka chini pwaa. Nikaiinua sahani, nikaanza kutoka naye ananifuata kwa nyuma. Kwa kuwa sioni, nikaugonga mwimo wa mlango kwa paji la uso. Mzee hakucheka. Baadaye mama jirani, aliyekuwa ndiyo anarudi kutoka shambani, aliniambia alimsikia anacheka sana, ila alisubiri nifike jikoni.

Mchana huo sahani ya nyama ilirudi tupu, na mama jirani akasema mzee anauliza kama imebaki.

Kesho yake asubuhi mzee akajiandaa kuondoka bila kumsubiri mwanawe. Nilisikia fimbo inakuja upande wa jikoni. Nikajifunika, nikageuka. Fimbo ikasimama nje ya ukuta wa matete. Kenge alikuwa amelala kando ya mafiga, na nafikiri mzee alimwona kupitia upenyo.

"Wewe kenge," akasema. "Mimi nilikuja na neno kwa mwanangu. Kule nyumbani msichana iko, baba yake anangoja. Sasa nikifika nitamwambia nini?" Akafikiri. "Nitamwambia nimekwenda, nimelala, nimeona. Nyumba ya mwanangu imejaa. Kuna mke, kuna mtoto tumboni, kuna wewe. Mtu mwingine atalala wapi?"

Fimbo ikaanza kwenda.

"Kenge, mwambie baba safari njema!" nikapiga kelele, ukuta na mtaa wote ukasikia.

Mume wangu alirudi siku mbili baadaye, anatembea kwa tahadhari, anachungulia.

"Baba yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Alisema nini?"

"Na mimi hakusema. Alisema na kenge."

Nikamsimulia yote, na kwamba yule msichana ataolewa na mwingine. Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akacheka mpaka machozi. Nikamwacha acheke amalize. Halafu nikamwuliza: "Na wewe angekuuliza, ungemjibu nini?"

Kicheko kikaisha. Akamwangalia kenge, akasema naona amepungua kidogo huyu, amekula leo? Nikasema amekula. Nikangoja. Akanyanyuka akaenda kuosha lori.

Kenge tulimrudisha joto lilipokolea, mume wangu alimpeleka Usangu akamwachia kando ya mto. Mimi sikwenda, nilikuwa na mtoto mchanga, ana nywele tele. Mume wangu hakuoa mwingine. Tulikaa wote miaka mingi, mibaya na mizuri, na lile swali sikumwuliza tena.

Siku ya kumzika, mdogo wake alisimama akasema maneno mazuri. Akasema marehemu alikuwa mwanaume wa msimamo, kwamba baba yao alipokwenda Mbeya kumletea mke wa pili, yeye alimkabili mzee uso kwa uso akasema hapana, mke wangu ni huyu. Watu wote wakageuka kuniangalia. "Si ndivyo, mama?" akaniuliza.

Nikasema ndivyo. Huwezi kusimama msibani, jeneza liko mbele, ukawaambia watu kwamba alikuwa kenge.